Bastola Isiyokataa

Niliondoka Khunyangu asubuhi moja bila kumuaga mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuagwa. Nilikuwa nimeuza nyanya pale msimu mzima, nyuma ya duka la mbegu, na asubuhi hiyo niliamka nikaona kwamba nyanya nimeshazijua. Sina namna bora ya kulieleza jambo hilo. Niliacha shule darasa la saba, na tangu wakati huo sijaweza kukaa mahali nikishaelewa panavyofanya kazi. Nilifunga begi, nikatembea hadi barabarani, nikasimamisha gari la kwanza. Lilikuwa lori la saruji, tupu, likirudi Malaba. Lingekuwa linaenda Kisumu, ningekuwa naandika habari nyingine.

Dereva alifurahi kupata mtu wa kuongea naye, mpaka nilipoanza kuongea. Nilitaka kujua kwa nini breki zake zilipumua kila alipozikanyaga, upepo huo ulitoka wapi na ulihifadhiwa wapi. Swali la kwanza alilijibu vizuri, la pili kwa mkato, la tatu akaliacha lipite dirishani. Tulipofika kwenye mkia wa foleni ya malori alisimama kabisa.

"Dada, shuka hapa. Hata breki zimechoka na wewe."

Sikuipenda Malaba, nayo haikunipenda. Ni mji ambao kila mtu aliyemo anasubiri kuondoka. Dereva anasubiri muhuri, ajenti anasubiri dereva, wabadilishaji pesa wanasubiri yeyote, na vumbi linawasubiri wote. Mwanamke anayetembea peke yake kando ya foleni ile, begi begani, huhesabiwa kuwa yuko katika biashara moja tu. Madereva waliniita kutoka chini ya trela, walikofunga bembea zao za kulalia. Mmoja aliniita nyabo, bibie, kwa adabu ya Uganda, kisha akauliza bei. Nikamwuliza yeye anauzwa kwa bei gani. Wenzake walicheka mpaka mmoja akaporomoka kutoka kwenye bembea. Mimi niliongeza mwendo, kwa sababu kicheko cha wanaume wa barabarani hakichukui muda kugeuka.

Mbele palikuwa na geti la yadi ya kuegesha malori. Getini mzee mmoja mnene alikuwa akimfukuza kwa maneno makali mwanamume ambaye tayari alikuwa anaondoka zake. Yule mwanamume alikuwa ametia vidole masikioni. Nilidhani anamkejeli mzee; baadaye nilijua kwamba masikio yalikuwa yanamwuma kwelikweli. Alipokwisha kwenda, mzee alinigeukia kana kwamba ndimi niliyefuata kwenye foleni ya kutukanwa.

"Na wewe unataka nini?"

"Kazi."

"Unaogopa mlio wa bunduki?"

Nilimwambia sijui, sijawahi kuusikia kwa karibu. Nadhani jibu hilo ndilo lililonipa kazi.

Mzee alikuwa ameendesha trela miaka mingi, Kigali na Juba, mpaka mgongo ukamshusha. Alinunua yadi, na baada ya yadi akanunua bastola. Si ya kuwatishia wezi, alinieleza kwa ukali kana kwamba nimebisha. Ilikuwa ya mchezo wa shabaha. Alikuwa na leseni, na kila Jumamosi alikwenda kwenye machimbo ya mawe aliyoyakodi nje ya mji kupiga vibao vya chuma. Kazi yangu siku za kawaida ilikuwa kufagia yadi na kuchota maji. Jumamosi nilibeba vibao, nikavipaka rangi nyeupe, nikavisimamisha, na alipomaliza kupiga nikaokota maganda ya risasi. Nilipewa vifuniko vya masikio ambavyo mtangulizi wangu hakuwa amepewa.

Jumamosi ya kwanza, kabla ya kufungua kisanduku, alinisimamisha mbele yake.

"Hii kitu huigusi. Hata kwa ndoto. Siku mtu atasema umeishika, si mimi nitakufunga, ni serikali."

Hilo nililielewa bila kuuliza. Leseni ilikuwa na jina moja, na halikuwa langu. Watu wamefungwa kwa makosa madogo kuliko kukutwa na mkono juu ya bunduki ya mwingine. Nikajiwekea mpaka: popote ilipokuwa bastola, mimi nilikuwa hatua kadhaa nyuma, mikono ikiwa mahali pa kuonekana. Mtu mwenye udadisi kama wangu huteseka sana kusimama hivyo. Lakini sikuwa na kinga nyingine duniani isipokuwa kwamba hakuna aliyeweza kusema nimeishika.

Macho hayakuwa yamekatazwa. Bastola ile ilikuwa nyeusi zamani. Nilipoijua mimi, mdomo wa mtutu ulikuwa umekwanguka ukang'aa kwa kuingia na kutoka kwenye ala, na mpini ulikuwa laini kama wa jembe lililorithiwa. Ilikuwa ya nusu otomatiki. Unavuta kifyatulio mara moja, inapiga mara moja, kisha yenyewe inalitema ganda na kujipakia risasi nyingine. Kipande cha juu, ambacho mzee alikiita slaidi, kinaruka nyuma na kurudi mbele upesi kuliko jicho, na ndani kuna springi inayokirudisha. Haya aliniambia mwenyewe Jumamosi za mwanzo, alipokuwa bado anafurahia kuulizwa.

"Tangu niinunue haijawahi kukataa," alisema. Aliwaambia hivyo madereva waliolala yadini, maajenti waliokuja kudai magari yao, hata wazee wa kanisa waliofuata mchango. Kila kitu maishani kilikuwa kimemkataa: giaboksi kwenye milima, mgongo, watoto waliohamia mbali wasipige simu. Bastola peke yake haikumkataa.

Ilinichukua muda kuelewa alichomaanisha. Jumamosi moja ganda lilinasa kwenye tundu la kutokea likasimama wima kama bomba la moshi. Aliipiga slaidi kwa kiganja, ganda likadondoka. "Imekohoa," akasema. Jumamosi nyingine slaidi haikurudi mbele yote. Ilibakiza nafasi ya unene wa ukucha. Aliisukuma kwa dole gumba. "Imepumzika." Risasi isipolipuka, risasi ndiyo mbaya. Magazini, chombo cha risasi kinachoingia mpinini, isipopandisha risasi ya mwisho, imeshiba. Alikuwa na majina mengi, na kukataa halikuwamo.

Nilimwuliza inaruhusiwa kufanya mambo mangapi kabla hajasema imekataa. Kuanzia siku hiyo maswali yangu yakawa kero.

Mkewe hakuhitaji maswali ili anichukie. Tangu siku ya kwanza hakusema nami moja kwa moja. Alisema na mumewe, au na kuku, au na sufuria. "Mwambie huyo chai yake iko kwa dirisha." "Huyu kuku ana adabu, hakai kwa mlango wa watu." Nilikunywa chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono, ambacho hakuna mwingine aliyekinywea, na nililala kwenye kibanda cha mlinzi karibu na geti. Nyumba yao sikuijua ndani. Nilijua tu, kwa sababu mzee alijisifu nalo, kwamba chumbani mwao kulikuwa na sefu iliyofungwa ukutani kwa boliti za trela.

Kuokota maganda ni kazi ya kuchosha, lakini huyapa macho mazoea. Mwanzoni yaliangukia kwenye jiwe bapa kuliani kwake, nikayazoa kama mahindi yaliyomwagika. Miezi ilivyokwenda yalianza kulivuka lile jiwe. Yakaingia kwenye nyasi, kisha kwenye miiba, na mikono yangu ikajaa michubuko. Nilimwuliza kwa nini yanakwenda mbali. Sikuwa na jibu langu la kificho. Nilitaka kujua, na pia nilikuwa nimechoka kuchanika. Akasema ni upepo. Machimbo yalikuwa na kuta za mawe pande tatu, nikamwambia upepo huo ulikuwa na kazi kubwa ya kutafuta njia ya kuingia.

"Okota," akasema.

Siku chache baadaye nilikwenda stendi ya bodaboda kununua chapati ya mayai, nikamkuta mzee amesimama juu ya kichwa cha fundi wa pikipiki. Fundi alikuwa ameshika springi moja nyembamba kwa koleo mbili, akiivuta polepole, akiipima kwa jicho, akiivuta tena. Kule mpakani hakuna springi inayotupwa. Ya klachi ikichoka huvutwa, ikarudishwa, na pikipiki ikabeba abiria watatu na mbuzi mpaka ichoke upya. Nimeona ikifanywa kila siku na hakuna anayeshangaa. Lakini ile haikufanana na ya klachi. Nikauliza ni ya pikipiki gani.

"Ya kwenda mbinguni," fundi akasema, na vijana wa boda wakaangua kicheko.

Mzee hakucheka. Aliichukua springi, akaifunga kwenye leso, akaitia mfukoni. Tulirudi yadini yeye akiwa mbele na mimi nyuma na chapati yangu, na alipofika getini akaniambia hukuona kitu. Kisha, kwa sababu hakuweza kunyamaza mbele ya mtu aliyenyamaza, akajitetea. Springi mpya ingebidi aiagize Nairobi kwa muuzaji wa silaha mwenye kibali, asubiri, aeleze, aandike, asubiri tena. Kwa nini? Alikuwa amevuta springi za klachi kutoka Mombasa hadi Kigali na mzigo ukafika.

"Springi haizeeki. Inalala. Ukiivuta inaamka."

Sitaficha kwamba Jumamosi iliyofuata iliamka. Maganda yaliangukia kwenye jiwe bapa, hakuna kilichokohoa, na mzee alipiga vibao vyote akageuka kunitazama kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Karibu nimwamini. Baada ya Jumamosi chache nilikuwa nimerudi kwenye miiba.

Wakati huohuo alikuwa amewaalika watu wa klabu ya shabaha kutoka mbali. Alitaka wayaone machimbo yake, wayapende, wawe wanafanyia mashindano yao pale. Maandalizi yalimfanya awe mkali hata kwa kuku. Nilipaka vibao rangi mara mbili. Mama, mke wa mzee, alipika tangu alfajiri, ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji, akavipakia kwenye pikapu akikiambia kifuniko cha sufuria kwamba kuna watu wakikaribia chakula hiki watajuta. Madereva kadhaa waliochoka kusubiri mihuri walikuja nao kutazama.

Wageni walifika na magari safi. Msimamizi wao alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kofia ya jua na sauti ndogo ambayo kila mtu aliitii. Alikagua karatasi za kila mpigaji, akatuonyesha watazamaji mahali pa kusimama, akarudia kwamba hakuna atakayevuka. Mzee alimwita madam na kumweleza habari za bastola isiyokataa. Alisikiliza, akasema watafurahi kuiona.

Zamu yake ilipofika alipiga kibao cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote vikaanguka. Alipiga vizuri, hilo lazima niliseme. Kisha ganda likanasa, likasimama wima.

"Imekohoa," akasema kwa sauti ili wote wasikie. Akaipiga kwa kiganja, akaendelea. Risasi mbili zaidi, slaidi ikabaki nyuma kidogo. Akaisukuma kwa dole gumba. Akavuta kifyatulio, kimya. Akaisukuma tena. Msimamizi akamwambia asimame.

Alimwamuru aelekeze mtutu kwenye ukuta wa mawe, atoe magazini, aondoe risasi iliyobaki ndani, aonyeshe kuwa ni tupu. Kisha akaisogelea kuitazama, akauliza springi ilibadilishwa lini. Mzee akasema haijabadilishwa, kwa nini ibadilishwe wakati haijawahi kukataa. Msimamizi akamweleza kwa upole, bila kumdhihaki, kwamba bastola ya namna ile inaweza kuishi kuliko mwenyewe na watoto wake, ila si kwa springi moja. Springi huliwa, alisema. Anayepiga kila wiki huibadilisha kama anavyobadilisha oili ya lori, bila kungoja injini ilie. Ikichoka, slaidi hurudi nyuma kwa nguvu mno, inarusha maganda mbali, na inakosa nguvu ya kurudi mbele.

Mtu aliyebadilisha oili maisha yake yote angeweza kulipokea hilo na likaisha. Nilimwona akikaribia kulipokea. Lakini mmoja wa wageni alimwinamia mwenzake akamwuliza kama hii ndiyo ile isiyokataa, na wote wawili wakatabasamu wakitazama viatu vyao.

Mzee akageuka, akaninyooshea kidole.

"Huyu dada ndiye ameiharibu. Amekuwa akiichezea."

Pale mahali pakabadilika. Wapigaji waliokuwa wakiongea wakanigeukia. Msimamizi akanitazama kwa mara ya kwanza, si kwa chuki, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Sijaishika," nikasema. "Sijawahi."

"Anaichezea nikiwa sipo."

Nilikasirika, na hasira ilinifanya niseme nilichodhani ni jiwe la kumpiga nalo. "Mwulizeni springi yake ilivutwa wapi."

Alilidaka jiwe likiwa hewani.

"Mnasikia? Mtu hajashika bunduki, amejuaje mambo ya ndani yake? Amejuaje imevutwa? Kila siku ni maswali. Hii inafanya nini, ile inarudi aje, maganda yanaenda wapi. Si mimi pekee yangu. Ulizeni hata hawa madereva."

Madereva hawakuulizwa, lakini walitikisa vichwa kukubali. Walikuwa wakweli. Nilikuwa nimewauliza wote, juu ya breki, turubai, tairi, juu ya bastola pia, kwa sababu baadhi yao walikuwa askari zamani. Kila swali nililowahi kuuliza Malaba lilikuwa limekuja machimboni siku hiyo kutoa ushahidi. Fundi wa stendi hakuwapo, na hata angekuwapo asingefungua mdomo.

Msimamizi akaniuliza kama nina leseni. Nikasema sina. Mgeni mmoja akahamisha miguu yake taratibu, akawa amesimama kati yangu na njia ya kutokea. Nikaona vizuri siku zitakavyokwenda: kituo, seli, kisha mzee akirudia maneno yaleyale kwa mtu wa kuandika, mpaka yakomae yawe kweli.

Nyuma ya pikapu mke wa mzee aliifunika sufuria.

"Aliishikia wapi?" akauliza. Alimwuliza mumewe.

"Nini?"

"Huyu. Bunduki aliishikia wapi?"

"Kule nyumbani. Ukiwa umeenda soko."

"Sefu iko chumbani kwangu."

"Basi aliingia."

"Aliingia chumbani kwangu." Alilisema taratibu, akiligeuza kila neno. "Na wewe ulikuwa wapi akiingia?"

Dereva mmoja akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi. Mzee akasema si hivyo, hakumaanisha hivyo. Mkewe alikuwa ameshatoka nyuma ya pikapu, mwiko mkononi.

"Huyu hajawahi kupita jikoni kwangu. Ningejua. Namchunga kuliko kuku." Kisha akawageukia wageni, maana hadhi yake sasa ilikuwa mbele yao. "Na hata angeingia, angefungua na nini? Ufunguo unalala hapa." Alijipiga kifuani. "Tangu hiyo kitu iingie kwa nyumba yangu, ufunguo ni wangu. Nilimwambia, bila hivyo isilale kwangu. Yeye mwenyewe akiitaka Jumamosi, ananiomba."

Alilisema kwa fahari. Na mimi, kusema ukweli, nililisikia kama utetezi mzuri kuliko wote ambao wakili angenipa. Sikuelewa kwa nini mzee alifumba macho.

"Mama," msimamizi akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "hapo kwa ufunguo, hebu rudia."

Hakurudia. Msimamizi akaeleza, akimtazama mzee na si mkewe. Sefu ambayo ufunguo wake unakaa kwa mtu asiye na leseni ni bunduki iliyo mikononi mwa mtu huyo. Alikuwa akitafuta kujua nani ameishika. Sasa amejua ni nani anayeweza kuishika kila siku, na si yule dada wa maganda. Alimwambia aifunge kwenye kisanduku, ufunguo wa sefu auchukue mzee mwenyewe hapohapo mbele ya wote, na wiki ikianza aipeleke mwenyewe kituoni akaeleze. Yeye msimamizi atapiga simu kuuliza kama amefika.

Mama akavua kamba shingoni. Hakutazama mtu. Mzee aliupokea ufunguo kama mtu anayepokea kitu cha moto, na aliyekuwa amenizibia njia akasogea pembeni bila kuniomba radhi. Wageni walipakia vitu vyao kabla ya chakula. Hakuna aliyefukuza mwenzake, hakuna aliyegomba, walikumbuka tu kwamba safari ni ndefu. Kuku wote wa yule mama walibaki kwenye sufuria.

Nilirudi yadini kwa miguu. Sikualikwa kwenye pikapu na sikuitaka. Nilipofika, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa trela la mtu, kisanduku magotini. Nilidhani atasema kitu kuhusu alichotaka kunifanyia. Alinitazama bila haya.

"Ilikuwa haijawahi kukataa mpaka ukakuja wewe."

Na aliamini. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kidole chake cha machimboni. Hakuwa amedanganya ili ajiokoe. Aliposema nimeichezea, alikuwa ameshapata jina jingine jipya la kukohoa na kupumzika, na jina hilo lilikuwa mimi. Angelirudia kituoni, mahakamani, kanisani, kwa moyo safi.

Begi langu lilikuwa nje ya kibanda, limefungwa na mtu mwingine, vizuri kuliko ninavyolifunga mwenyewe. Mama alikuwa amesimama kando yake.

"Wewe," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza aniambie neno. "Nimekutoa kwa shimo na nikaingia mimi. Toka kwangu."

Nilitaka kumshukuru. Akasema shukrani nizipeleke ninakokwenda, huku hazihitajiki. Ningeweza kumjibu kwamba hakunitoa shimoni kwa ajili yangu, alikuwa akipigania chumba chake. Lakini nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, nje ya seli, kwa sababu ya wivu wake, na sikuwa na haja ya kuuchunguza zaidi. Nilichukua begi. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nianze kutembea, niliondoka mahali ambapo nilikuwa bado sijapaelewa.

Sijui kama aliachiwa leseni yake. Sijui kama aliagiza springi. Nilipopita stendi, fundi alikuwa ameinama juu ya klachi ya mtu na koleo zake mbili, akaniuliza bila kuinua kichwa kama ile ya mbinguni bado inakimbia. Nilimwambia imefika. Akacheka peke yake.

Nilipofika Busia niliuliza barabara ipi inaishia mbali zaidi na foleni ya malori, nikaambiwa Port Victoria, huko barabara inaishia ziwani. Nilifika jua likiwa bado juu ya maji. Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Zilikuwa zimeanikwa kwenye neti chini, eneo pana la fedha ndogondogo zilizokauka, na wanawake wakizigeuza kwa fagio za miti. Nilisimama kutazama wanavyojua zipi zimekauka. Nikafungua mdomo kuuliza, nikaufunga, kisha nikamwuliza mmoja jambo jingine: wapi mtu anaweza kupata chumba.

Alinyoosha ufagio kuelekea nyumba ya mabati nyuma yake. Ilikuwa yake. Alinionyesha chumba kimoja chenye kitanda cha mbao, dirisha dogo, msumari wa kutundikia nguo. Alisimama mlangoni akinitazama kuanzia viatu vyenye vumbi jekundu mpaka kwenye begi lililofungwa vizuri kupita kiasi.

"Unatoka upande gani?"

"Malaba."

"Watu wa Malaba wakikuja huku na begi, kuna kitu wanakimbia. Sitaki askari kwa mlango wangu." Hakuwa mkali, alikuwa mtu mwenye nyumba. "Unatafutwa?"

Nililifikiria swali lile kwa uangalifu kuliko alivyotarajia, nadhani, kwa sababu alikunja uso akasubiri. Nilimkumbuka yule aliyesimama kati yangu na njia. Nilikumbuka ufunguo ukivuliwa shingoni. Nikatafuta kama kuna mtu yeyote, kati ya Malaba na pale, aliyekuwa na neno la kunishika nalo.

"Hapana," nikasema. "Hakuna anayenitafuta."

"Basi ingia," akasema. "Maji ya kuoga yako kwa ile ndoo ya samawati. Nyingine ni ya samaki, usiiguse."